Laptop Iliyokataa Chaji Kamanga

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kitu. Nilikuwa nimetoka Ukerewe na cheti changu cha kidato cha nne, nimevaa sketi ya kuazima kwa dada yangu, na nilidhani nimeajiriwa kupokea wateja katika duka la kutengeneza redio pale Nyamagana, mtaa wa nyuma ya soko. Mwenye duka tulimwita Bosi. Alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Mwanza kama baba yake, na Kisukuma chake kilikuwa safi kuliko changu mimi Mkerewe. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye ndala.

"Wa kupokea wateja nimeshapata jana," akasema. "Wewe utajifunza ufundi. Simama hapa pembeni ya meza. Mikono nyuma."

Nikaweka mikono nyuma. Nilidhani ni adabu tu, kama ile ya paredi shuleni, na kwamba baada ya dakika chache nitapewa bisibisi. Asubuhi yote ikapita nimesimama hivyo hivyo, mabega yananiuma.

Kabla ya saa sita akaingia mzee mmoja kutoka Magu amekumbatia redio kubwa ya betri nne. Akaeleza kwamba inaimba kidogo halafu inakufa. Mafundi wengine mjini wangeifungua papo hapo. Bosi aliisogeza kwa yule mzee na kumwomba aiwashe mwenyewe, kama anavyofanya nyumbani, bila haraka. Mzee akatoa mfukoni betri tatu mpya, akazipachika. Ya nne akaitoa kwenye kitambaa alichokifunga kwa fundo. Ilikuwa imevimba, na bado ina joto la jua. Enzi zile nusu ya Kanda ya Ziwa ilikuwa ikianika betri juu ya bati ili zipate nguvu tena.

"Hii nayo bado ipo ipo," mzee akasema. "Niliona si vizuri kuitupa."

Bosi hakumtazama mzee. Alinitazama mimi, akanyanyua nyusi. Betri moja iliyochoka ilikuwa inazivuta tatu nzima, na redio yenyewe haikuwa na ugonjwa wowote. Mzee akaondoka na betri nne mpya na redio inayoimba, hakuna aliyefungua hata skrubu moja.

Huo ndio uliokuwa utaratibu wa duka lile. Mteja analeta kitu, halafu anaombwa akitumie mbele yako kama vile hupo, na wewe fundi unasimama mikono nyuma hadi amalize. Bosi alisema mikono ya fundi kijana ina kiherehere, inafungua kabla macho hayajaona. Nilikaa muda mrefu sana katika hali hiyo kabla ya kukabidhiwa mita, yaani kile kipimo cha umeme chenye waya mwekundu na waya mweusi, na pasi ya kulehemu, ile ya kuyeyushia risasi na kuunganisha vifaa kwenye bodi. Wateja wanaume walikuwa wakiingia wakiniona, wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Bosi anawajibu, bila kuinua kichwa, "Unaongea naye." Nilikipenda kile kijibu, na hadi leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Redio zilipopungua na kila mtu kuanza kutembea na simu, watoto wa Bosi waligeuza duka kuwa la vifaa vya simu, na mimi nikahamia Kirumba, kwenye kiwanda kimoja cha samaki. Huko mkubwa wangu alikuwa Meneja wa Uzalishaji, mtu mrefu wa kupiga kelele, aliyevaa mabuti meupe hata siku za mapumziko. Kazi yangu ilikuwa vipimajoto vya vyumba vya barafu na mizani ya umeme. Samaki hawana subira, na Meneja naye alikuwa hivyo hivyo.

Kulikuwa na mzani mmoja uliokuwa unasoma vizuri asubuhi, ikifika mchana unaanza kuongeza. Meneja akapiga kelele kwamba nibadilishe sensa, kile kijichuma kinachohisi uzito. Nikamwambia nipe mchana mmoja. Akasema, "Mchana mzima kufanya nini?" Nikasema kusimama. Alinitazama kama mtu anayetaka kunifukuza, lakini akaniacha. Nikasimama ukutani, mikono nyuma. Karani wa mzani alikuwa mama mjamzito. Asubuhi alisimama wima. Ilipofika mchana miguu ikaanza kumvimba, akawa anaegemeza nyonga kwenye ukingo wa mzani, polepole, bila mwenyewe kujua. Mzani ulikuwa unapima sato pamoja na karani.

Nilichofanya ni kumtafutia stuli. Meneja alipoiona akauliza, "Sensa iko wapi?" Nikamwonyesha stuli. Hakupiga kelele siku ile, na nilipoacha kazi yeye ndiye aliyeniandikia maneno mazuri ya kuniombea kazi kwingine.

Kwingine kwenyewe kulikuwa karakana ya chuo kimoja hapa mjini, na hapo ndipo nilipomalizia utumishi wangu. Karakana ilihudumia chuo na pia shule zilizoleta vifaa vyao. Nilikuta redio zimeshaondoka mezani, zimekuja kompyuta. Nilikuwa mtu mzima tayari, nikaanza kujifunza upya pamoja na vijana wenye umri wa wanangu, nao wakinitania kwamba nalehemu bodi kana kwamba naunga sufuria. Niliwavumilia, nikajifunza. Mkubwa wangu wa mwisho, Mkuu wa Karakana, alikuwa mmoja wa vijana hao hao waliokuwa wakinitania. Alikuwa kiongozi mzuri, mwenye heshima, aliyependa meza safi na rafu tupu. Kwenye hilo la rafu tupu ndipo tulipogombana, nami nitaeleza.

Kwa faida ya wanaoanza, niseme kwanza tunavyofanya laptop ya zamani inapokataa chaji. Anzia ukutani. Chomeka taa ya mezani kwenye soketi hiyo hiyo uone kama umeme upo na hautetereki. Kisha pima chaja kwa mita. Mgongoni kumeandikwa volti zinazopaswa kutoka, na mita ikisoma chini ya hapo umempata mgonjwa wako. Ukiwa unapima, pinda waya taratibu pale shingoni karibu na chaja, maana waya hukatikia ndani huku ngozi ya nje ikiwa nzima kabisa. Chaja ikiwa salama, tazama tundu la kuchomekea kwenye laptop. Likicheza, limeachia risasi kwenye bodi na linataka kulehemiwa upya. Halafu toa betri, uwashe mashine kwa chaja peke yake. Ikiwaka vizuri, shaka inabaki kwenye betri au kwenye sehemu ya bodi inayoilisha. Na kuna laptop zenye maringo, zinazoitambua chaja yao kwa kijipini chembamba cha katikati. Ukizipa chaja ya kuazima zinawaka, lakini betri hazijazi ng'o.

Ukimaliza yote hayo na usielewe, karakana yetu ilikuwa na neno moja. Tuliandika kwenye karatasi ya gundi: IMEZEEKA. Ukishaibandika, mashine inakwenda stoo na hakuna anayekuuliza tena. Mkuu wa Karakana alilipenda sana neno lile. Mimi nililichukia tangu zamani, na kadiri nilivyokaribia kustaafu ndivyo nilivyozidi kulichukia, sababu yake mtaijua wenyewe.

Mwalimu Masanja aliletwa kwetu na laptop yake mwaka wangu wa mwisho. Anafundisha historia katika shule moja ya sekondari upande wa Kamanga, ng'ambo ya maji, na haoni tangu utotoni. Alivuka kwa kivuko akiwa na fimbo yake nyeupe na begi mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kiti kiko kulia kwako, karibu na meza."

Akaketi, akaitoa laptop kwa mikono miwili. Ilikuwa nene, nzito, ya miaka mingi, na juu ya baadhi ya vitufe alikuwa amedondosha gundi ikakauka, ili vidole vijue vipo wapi. Ndani yake ilikuwa na programu inayomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamke fulani wa kigeni aliyejifunza Kiswahili bila kukutana na Mswahili hata mmoja, lakini Mwalimu alikuwa ameizoea na aliielewa hata ilipokwenda mbio. Maandalizi yake yote ya masomo yalikuwa humo.

"Inanizimikia darasani," akasema. "Juzi nimefika kwenye vita vya Maji Maji, ikazima Wajerumani hawajapanga hata mstari. Watoto wakashangilia wakidhani tumeshinda."

Tukacheka wote. Kisha akaacha kucheka, akanieleza kilichomleta. Kidato cha nne ndilo darasa alilolipenda kuliko yote, na Mkuu wa shule yake alikuwa amemwita ofisini. Hakumwita kwa ubaya. Alimwambia wanafunzi wana mtihani wa taifa mbele yao, na hawawezi kuwa wanapoteza kipindi kila mashine ikizima. Muhula ukifunguliwa na hali ikiwa hivyo hivyo, kidato cha nne atapewa mwalimu mwingine, na yeye atapangiwa maktaba.

"Maktaba, mama," akasema. "Mimi. Nikae katikati ya vitabu nisivyoweza kuvisoma."

Aliitamka kwa utani, huku vidole vyake vikipapasa yale matone ya gundi. Nikamuuliza kwa nini asiichaji shuleni. Akasema soketi ziko ofisi ya walimu peke yake, na kila moja ina mwenyewe. Anachaji nyumbani jioni wakati anaandaa masomo, anaiacha imewaka na waya wake hadi kukicha, na asubuhi anaikuta nusu, au imekufa kabisa.

Nikamwomba aichomeke mwenyewe. Nikasimama mikono nyuma, kama nilivyofundishwa. Akachomeka vizuri, bila kosa. Tundu lilikuwa linacheza kidogo, nikalilehemu. Akaenda nayo. Baada ya muda akarudi, hali ile ile. Safari hii nikapima chaja, nikaupinda waya, vyote vizima. Nikaifungua mashine, nikakuta feni imejaa wadudu wa ziwani waliokauka, nikawasafisha. Hilo halikunishtua. Laptop yoyote ya kando ya Ziwa Victoria ukiifungua unawakuta humo. Betri nikaipima, imepungua nguvu kwa umri lakini bado inatunza. Akaenda. Akarudi mara ya tatu, na sasa likizo ilikuwa inakaribia mwisho. Nikaiacha mezani kwangu siku nzima. Ikajaa hadi juu, ikakaa imejaa.

Mkuu wa Karakana akapita, akaiona.

"Mama, hiyo bado ipo? Andika imezeeka tuifunge."

"Haijazeeka, Mkuu. Hapa inajaa."

"Na kwake haijai. Mashine ikifika umri huo inafanya inavyotaka." Akashusha sauti, kwa wema kabisa. "Na wewe mama umebakiza mwezi. Kwa nini ujichoshe?"

Nilikasirika, na sikuficha. Nilimwambia kwamba mimi nina magoti mabovu, lakini nikishindwa kupanda ngazi za nyumba fulani, kabla ya kuniita mzee mtu aende akazitazame hizo ngazi. Nikamwambia nataka kwenda Kamanga. Akakuna kidevu.

"Haya, nenda. Lakini ukirudi bila jibu, mama, tunaandika."

Nikavuka Ijumaa alasiri pamoja na Mwalimu, laptop ikiwa kwenye begi lake, betri nimeitumia makusudi ibaki karibu nusu. Nyumba yake haiko mbali na gatini, imeinuka kidogo juu ya mwamba na madirisha yanatazama maji. Mkewe, Mama Kulwa, alitupokea mlangoni. Ni mama wa mapacha waliokwisha kuolewa, mwanamke mpole, mikono yake haikai bure. Alikuwa anasuka mkeka. Akaniamkia, akanipa kiti, akanipa ugali na sato, na muda wote niliona anaitazama laptop jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyerudi kutoka hospitali. Yeye ndiye anayemsindikiza Mwalimu shuleni kila asubuhi, na aliujua uzito wa ile habari ya maktaba.

Tulipomaliza kula nikawaambia, "Sasa fanyeni kama kila siku. Mimi sipo."

Nikaenda kusimama pembeni ya kabati. Mama Kulwa akacheka. "Mama, mbona umesimama kama mwanafunzi aliyechelewa namba?"

"Ndiyo kazi yangu. Endeleeni."

Mwalimu akaketi mezani. Akapapasa soketi, akachomeka, kisha akaweka kiganja juu ya chaja. "Ikianza kupata joto najua umeme upo," akaeleza. Mikono yangu iliwasha kutaka kupima ile soketi, nikaikamata kwa nyuma. Akawasha mashine. Sauti ikatangaza asilimia hamsini na nane, inachaji. Akaanza kuandaa somo, vidole vinakwenda, sauti inamfuata. Baada ya muda ikatangaza sitini. Kila kitu kilikuwa sawa, na nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba nitarudi Mwanza na aibu yangu.

Jua likazama. Mwezi haukuwepo, na msimu ulikuwa ule ambao wadudu wa ziwani wanatoka majini kwa wingu. Mkazi wa kando ya ziwa anajua cha kufanya, na Mama Kulwa akafanya. Akainuka, akazima taa ya chumba ili wadudu waende kwenye taa za wengine. Nyumba ikawa giza, isipokuwa kitu kimoja. Kioo cha laptop kilikuwa kinawaka kwa mwanga wake wote, na sasa ndicho kilichokuwa taa pekee ndani ya nyumba. Wadudu wakaingia dirishani na kwenda moja kwa moja pale. Wakakifunika kioo, wakaingia katikati ya vitufe, wakatambaa juu ya vidole vya Mwalimu, naye akawa anavipangusa huku anaendelea kuandika.

Mama Kulwa akaenda chumbani. Akarudi na kitenge. Hakikuwa kitenge cha kufungia mzigo. Kilikuwa kizuri, kipya machoni, cha rangi ya machungwa na maua meusi. Akakikunjua, akaifunika laptop yote pamoja na chaja na mikono ya mumewe, akakikunja pembeni kote kwa uangalifu, pasibaki hata upenyo. Akarudi kwenye mkeka wake. Mwalimu hakuacha kazi hata kidogo. Vidole vikaendelea kwenda chini ya kitenge, na yule mwanamke wa kigeni akaendelea kusoma historia ya Tanganyika akiwa amefunikwa gubigubi.

"Mnafanya hivi kila siku?" nikauliza.

"Siku za wadudu," Mama Kulwa akajibu. "Na zisizo za wadudu pia. Huwezi kujua watakuja saa ngapi."

Nikangoja. Feni ikaanza kuunguruma. Sauti ikasema sitini na mbili, halafu ikawa haisemi kitu. Nikatoa mikono mgongoni kwa mara ya kwanza, nikaingiza mkono chini ya kitenge. Chaja ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Chini ya mashine, upande wa betri, palikuwa vivyo hivyo.

Betri za laptop zina kijipimajoto ndani. Zikipata joto kupita kiasi zinakataa chaji ili zisiharibike, na hazimwambii mtu, zinafunga mlango tu. Chaja nayo ikichemka hujizima. Mashine inabaki kula akiba yake usiku kucha, imewaka, imefunikwa, na kufika asubuhi imeishiwa. Kwenye meza yangu mjini hakukuwa na wadudu wala kitenge, ndiyo maana ilijaa kila nilipoijaribu. Nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza, ile ile niliyoisikia siku ya betri ya mzee wa Magu. Kisha nikamtazama Mama Kulwa, raha ikapungua, kwa sababu alikuwa ameacha kusuka na ananitazama.

"Ni kitenge?" akauliza.

Nikautoa mkono chini ya kitenge.

"Ni kitenge," akasema mwenyewe. Akaketi chini kabisa, sakafuni. "Kwa hiyo ni mimi. Miezi yote hii naomba Mungu hii mashine ipone, kumbe mimi ndiye naizima."

Mwalimu akageuza uso upande wake. "Mama Kulwa, hapana."

"Umetishiwa maktaba kwa sababu yangu."

Nikamshika mkono. Nikamweleza nilivyoifungua mashine ile na wadudu niliowakuta, na kwamba hao walikuwa wachache waliopenya. Kama asingekuwa anaifunika, wangeijaza hadi kwenye bodi, na ingekuwa imekufa zamani. Sikusema hivyo kumfariji. Ni kweli, na ningemwambia hata mbele ya Mkuu wa Karakana. Aliikinga mashine kwa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, na joto likawa ndiyo gharama yake.

Lakini tukikiondoa, wadudu tutawafanya nini? Nikakitazama kioo kilichokuwa kinang'aa kupitia kwenye kitambaa. Nikauliza swali ambalo lilinijia polepole sana kwa mtu wa umri wangu.

"Mwalimu. Hiki kioo unakiwashia nani?"

Akafikiri. "Nilidhani kinamsaidia Mama Kulwa kupata mwanga wa kusukia, taa ikizimwa."

"Mimi?" Mama Kulwa akasema. "Mimi nasuka kwa vidole, hata gizani. Nilidhani kioo kikizima haiongei."

Halafu Mwalimu akaanza kucheka, akacheka hadi akalaza kichwa mezani. Mkewe akaanza naye, machozi yakiwa bado usoni. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa anakitumia kile kioo. Kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake, na waliofaidi ni wadudu.

Nikauchukua mkono wa Mwalimu, nikauongoza kwenye kitufe cha kupunguza mwanga. Akabonyeza, akabonyeza, hadi kioo kikawa cheusi kabisa. Sauti ikaendelea kusoma kama kawaida. Nikaondoa kitenge, nikainua mashine juu ya vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini, na chaja nikaiweka sakafuni penye ubaridi. Wadudu wakahangaika kidogo, kisha wakatoka dirishani kufuata taa ya jirani, ambaye ninamwomba radhi hapa. Tukakaa gizani watatu, tunangoja. Feni ikatulia. Baada ya kitambo sauti ikasema sitini na tatu. Mama Kulwa akapiga makofi.

Asubuhi ilisema mia moja. Mwalimu aliisikiliza mara tatu kabla ya kunywa chai. Kisha akaomba gundi, akadondosha tone jingine kwenye kitufe cha mwanga.

Mama Kulwa alikuwa amekikunja kitenge, anazungusha macho kutafuta pa kukiweka. Nikamwambia ni kizuri mno kwa mashine, akishone akivae. Akasema alipewa na mapacha wake siku ya ubarikio wa wajukuu, na hakuwahi kuona shughuli inayokifaa.

Nilipofika karakana Jumatatu, Mkuu alikuwa ananisubiri na ile karatasi ya gundi mkononi. "Ilikuwa nini?" Nikamwambia, kitenge. Nikamsimulia yote. Alicheka, na kabla ya mchana akaingia stoo peke yake na kutoka na mashine mbili zenye lile neno, akaziweka mezani kwake na kuanza kuzipigia simu shule zilizozileta. Nilimpenda siku ile kama mwanangu.

Sasa nimestaafu. Ninaishi Kirumba, si mbali na Mwaloni, harufu ya dagaa inaniamsha kabla ya jogoo. Vijana wa ufundi wanakuja kunisalimia, na kusema kweli wanajua mengi kuliko sisi. Wana video, wana vifaa vya hewa ya moto vya kung'olea vipande vidogo ambavyo mimi hata kwa miwani sivioni. Siwaonei wivu. Wanachonichekesha ni kwamba wakifika na mashine iliyowashinda, wanaifungua wakiwa bado wamesimama mlangoni. Ninawaambia wakae kwanza wanywe uji, halafu wanieleze nani anaitumia, anakaa wapi, na jioni anaiweka juu ya nini. Wengine wananivumilia tu. Wachache wanaweka mikono nyuma, na hao ninawatia uji zaidi.

Sidai kwamba nilitengeneza kila kitu. Vingi vilinishinda, na vingine vilikuwa vimezeeka kweli. Lakini nimelala vizuri maisha yangu yote, na kazi ilinilea mimi na wanangu, na sina ninachokidai.

Nimalizie na siku ya kuniaga. Walitayarisha ukumbi mdogo wa chuo, soda, keki, na Mkuu wa Karakana akatoa hotuba ndefu akaisahau katikati. Muhula wa shule ulikuwa umefunguliwa wiki hiyo. Hotuba ikiwa bado inaendelea, mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Kulwa. Amevuka kwa kivuko cha asubuhi. Alikuwa amevaa gauni refu la kitenge cha rangi ya machungwa chenye maua meusi, limeshonwa vizuri sana, na kilemba chake juu. Watu wakageuka kumtazama bila kujua wanachokitazama. Mkuu alijua, nami nilijua. Nikainuka kwenye kiti changu cha heshima, nikamkumbatia, nikatazama nyuma yake mlangoni.

"Mwalimu yuko wapi?"

"Anakusalimia sana, mama," akasema. "Ameshindwa kuja. Ana kipindi na kidato cha nne."